Utachezea Nchi Gani?

Seraing, 11 Oktoba 1992

Yaya Bilonda, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe na Shemeji Mwenze, na nawabusu watoto wote wawili, hata yule mdogo ambaye sijamwona bado. Hapa Tantine Fidélie na mume wake ni wazima. Magoti yanamsumbua Tantine kwa sababu ya ngazi za ile nyumba ya wazee anakofanya kazi, lakini Jumapili lazima asonge bukari ya unga wa mahindi. Tukishakula anaanza kunisimulia Papa, ndugu yake, alivyokuwa mtoto pale Musonoi, alivyopanda juu ya kilima cha udongo wa mgodi akashindwa kushuka, wakaenda kumwita baba yao kazini. Kila mara anacheka mahali pale pale, na mimi nacheka naye kama vile ni mara ya kwanza. Baridi imeanza. Masomo yanakwenda, isipokuwa hesabu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwambie Papa kwamba nimepata klabu. Mwambie mbio zote zile alizotukimbiza sisi wasichana wa timu ya Nyuki, mpaka majirani wakamwita kichaa, hazikupotea bure.

Huku mpira una utaratibu kama ofisi. Kila klabu ina namba iliyopewa na shirikisho la taifa, kama namba ya mfanyakazi wa Kampuni ya mgodi, na wenye namba ndogo wanaringa kwa uzee wao. Chini kuna ligi ya mkoa, juu yake kuna madaraja ya taifa. Anayeshinda anapanda na anayeshindwa anashuka. Watoto wanagawanywa kwa miaka, na kila umri una jina lake. Wadogo kabisa wanaitwa diablotins, yaani vishetani, na kweli ukiwaona! Msichana mdogo anaruhusiwa kucheza kati ya wavulana, lakini mimi nina miaka kumi na sita, nimeshavuka, kwa hiyo niko timu ya wanawake. Golikipa wetu ni mama wa watoto watatu. Beki wa kati anauza nyama sokoni, na mikono yake ni ya muuza nyama. Jumamosi tulishinda manne kwa moja. Mimi niko upande wa kushoto, karibu na mstari, pale pale Papa alipozoea kuniweka.

Sasa wanataka faili yangu ikamilike. Pasipoti yangu ina mwaka wa kuzaliwa tu, haina siku wala mwezi, na hapa bila siku na mwezi mtu ni kama hajazaliwa. Tafadhali nitafutie cheti cha kuzaliwa. Na Papa aandike barua ya kunipa ruhusa, aweke sahihi.

Mwambie Mama kwamba ninavaa soksi mbili mbili.

Mimi mdogo wako,
Stéphanie


Kolwezi, 20 Desemba 1992

Mudogo wangu Stéphanie,

Salamu kutoka kwetu sote. Watoto wako wazima. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na mdogo ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Mwenze bado yuko kule Nzilo kwenye bwawa la umeme, anarudi nyumbani mara moja kwa wiki mbili. Mimi bado nafundisha darasa la tatu, ingawa viti vingi viko wazi. Mama anakusalimu na anauliza kama soksi hizo mbili ni za sufi.

Barua yako ililetwa na masista baada ya wiki saba. Posta yetu imekufa. Kuanzia sasa andika kwa kupitia Masudi, yule jirani yetu msafirishaji. Magari yake yanaingia Zambia kila mwezi, na ndugu yake ana sanduku la posta kule Chingola.

Papa alisoma barua yako mara tatu. Alipofika kwenye vishetani alicheka mpaka akatoa miwani. Barua ya ruhusa hii hapa, ameiandika yeye mwenyewe kwa ule mwandiko wake wa magasini, pale stoo ya Kampuni. Bado anafundisha Nyuki. Zamani mlikuwa wasichana kumi na wanne. Leo wamebaki sita. Wazazi wengine wamewatoa watoto wao. Hawasemi sababu, na Papa haulizi.

Sababu unaijua. Umesikia ya Likasi? Treni zimejaa watu wenye asili ya Kasai, kama Papa, wanaofukuzwa Katanga, na sasa hapa napo vijana wanapita na nyimbo zao mitaani. Papa anasema ni kelele tu. Juzi Mama alimwuliza kama tusifunge mizigo mapema. Akajibu: "Baniambie nirudi wapi? Miye nilizaliwa hapa Musonoi. Nirudi mu tumbo ya mama?" Mama akaendelea kuchambua mboga.

Cheti sikukipata. Nilipanga mstari kwenye ofisi ya vyeti tangu asubuhi. Mtu wa dirishani alisoma jina lako, akarudisha karatasi. "Tshibangu? Aende kuomba kwabo, Kasai." Nikamwambia mtoto alizaliwa hapa hapa, mama yake ni wa Katanga hii. Akanitazama. "Na weye, unaitwa nani?"

Nikamtajia jina la mume wangu.

Nitajaribu njia nyingine. Wewe cheza.

Yaya yako,
Bilonda


Seraing, 14 Februari 1993

Yaya mpenzi,

Nashukuru kwa barua, na zaidi kwa ile ya Papa. Nimeitolea nakala, nakala nimewapa klabu, yenyewe nimebaki nayo. Tantine aliunusa huo mwandiko kama mkate. Amepata mafua lakini hakubali kulala. Theluji ilianguka siku nne na uwanja ukafungwa. Mwambie Mama kwamba ndiyo, ni za sufi.

Mwambie Papa nimejifunza jinsi mataifa yanavyocheza. Kocha wetu, Madame Josiane, alichezea timu ya taifa ya hapa zamani, wakati wanawake walikuwa wanajifulia jezi wenyewe. Ametueleza hivi. Mataifa yote ya Ulaya yenye timu za wanawake yanapigiwa kura na kugawanywa katika makundi madogo. Unakwenda kwao, nao wanakuja kwenu. Wa kwanza wa kila kundi anasonga mbele, na mwisho yanabaki mataifa manne tu, hayo ndiyo yanakutana mahali pamoja kugombea kombe. Wavulana wana mashindano ya Ulaya hata kwa umri wa miaka kumi na sita. Wasichana wa umri huo hawana kitu bado. Madame Josiane anasema wakubwa wanalizungumza jambo hilo, na alivyosema "wanalizungumza" sote tulielewa si la leo wala kesho.

Halafu kuna sheria moja iliyonikaa kichwani. Ukishachezea taifa moja mechi rasmi ya wakubwa, umefungwa nalo. Huwezi kuamka kesho ukachezea jingine. Madame Josiane alikuwa anatuzunguka na kumwuliza kila mmoja kwa utani, "Na wewe, utachezea nchi gani?" Mmoja akasema Italia kwa sababu ya babu yake, mchimba makaa. Wote wakacheka. Akafika kwangu. Nikasema Zaire. Hakuna aliyecheka, na nadhani ingekuwa afadhali wangecheka.

Hapa habari za kwenu hazitangazwi. Nasikiliza redio ya Kifaransa kila asubuhi. Wanataja Kinshasa, wanapita.

Yaya, Papa asikae akisema ni kelele. Wewe una mume wa huko, una nyumba yenye jina la huko. Kukiharibika, waje kwako. Najua hata sihitaji kukuambia.

Tulishinda tena. Mimi niko pale pale kushoto.

Stéphanie


Kolwezi, 30 Mei 1993

Mudogo wangu,

Tunakusalimu. Watoto wako wazima. Mwenze ni mzima.

Papa na Mama wameondoka. Walikaa kituo cha treni siku thelathini na nane pamoja na maelfu ya watu, wakingojea mabehewa. Treni yao iliondoka tarehe 19 mwezi huu kuelekea Kamina na mbele yake, Mwene-Ditu ya Kasai. Walikuwa na afya ya kusimama. Hilo nililiona kwa macho yangu.

Nyumba ya Musonoi ilivunjwa mwezi wa nne. Kwanza vijana walikuja kuitia alama ya chokaa ukutani. Asubuhi yake Mujomba Ngoy alifika kumchukua Mama. Jirani mmoja aliyekuwepo ndiye alinisimulia. Mujomba alisema, "Agnès, weye uko mwana wa kwetu. Hakuna mwenye atakugusa. Bakia." Mama alikuwa amekaa juu ya mzigo wake wa nguo. Akasema, "Na huyu nani atamupikia?" Mujomba akamwambia kuwa mume anaweza kupatikana mwingine. Mama akasimama, akajitwika mzigo, akatangulia mbele ya Papa barabarani ili vijana wamwone yeye kwanza.

Wale wasichana sita wa Nyuki wamebaki watatu. Hawafanyi mazoezi tena. Uwanja wenyewe sasa watu wanachimba mashimo, wanasema kuna madini chini.

Sijapata habari zao tangu waondoke. Nikipata nitakuandikia. Usiache shule.

Bilonda


Seraing, 22 Agosti 1993

Yaya,

Salamu kwa wote. Tantine anakusalimu.

Barua yako ilifika tarehe 6 na nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Tumekwenda kwa masista huko Liège, kuna mmoja aliyerudi kutoka kwenu mwezi wa saba. Alituambia mambo ya kituo cha treni. Alituambia mvua ilivyowakuta, na kuhara, na watoto waliozikwa kando ya reli. Tantine alimwomba anyamaze.

Yaya, umeandika siku thelathini na nane. Kutoka kituoni mpaka nyumbani kwako ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Una vyumba vitatu. Mwenze ni mtu wa hapo, hata wale vijana wanamjua. Juu ya nini hawakukaa kwako?

Sikuulizi ili kukushtaki. Nakuuliza kwa sababu katika barua yako nyote mnaonekana, Mujomba, Mama, Papa, hata jirani, lakini wewe mwenyewe sikuoni popote.

Sina habari za mpira.

Stéphanie


Kolwezi, 9 Januari 1994

Mudogo wangu Stéphanie,

Nakusalimu. Mwaka mpya umetukuta wazima, na natumaini umekukuta hivyo hivyo. Masudi amepita mara nne kuuliza kama nina barua ya kupeleka Chingola, na mara nne nimemwambia bado. Leo amesema, "Mama Bilonda, hata karatasi tupu nitabeba." Kwa hiyo nimekaa mezani.

Walikuja kwangu.

Ilikuwa tarehe 11 mwezi wa nne, saa tisa alasiri. Mwenze alikuwa Nzilo. Siku mbili kabla, mtaa wa nyuma, mama mmoja aliyemficha shemeji yake wa Kasai alichomewa nyumba na kila kitu kilichokuwamo. Vijana walipita mlango kwa mlango wakituambia: mwenye atapokea mutu wa Kasai, naye ni mutu wa Kasai. Walikuwa wanajua mimi ni binti wa nani. Walikuwa wanangojea kuona nitafanya nini. Siku ile wanne walikuwa wamekaa pale kwenye kona, wanakula miwa.

Nilikuwa napika maharagwe nje, kwenye mbabula ya mkaa. Niliwaona Papa na Mama wakitokea mwisho wa barabara na mizigo kichwani. Stéphanie, niliingia ndani. Nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikakaa chini nyuma yake na watoto, nikamziba mdogo mdomo kwa mkono.

Papa alibisha mara tatu. Mama akaita, "Bilonda, njo siye, bazazi bako." Nikasikia mmoja wa wale vijana akicheka. Papa akabisha tena, taratibu. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kona, "Haiko hapa, Agnès. Alienda kwa bwana yake Nzilo. Tuende."

Nilingoja mpaka jua likashuka kabla ya kufungua. Sufuria ilikuwa imeipuliwa. Ilikuwa chini, kando ya mbabula, imefunikwa, ili maharagwe yasiungue.

Kwa hiyo Papa alijua nimo ndani.

Siku zote thelathini na nane sikwenda kituoni. Nilimpa Masudi unga na samaki kavu, akapeleka kama vile ni vyake. Yeye hakuniuliza neno. Siku ya treni nilikwenda, nikasimama mbali, nyuma ya watu. Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa behewa la mizigo, Papa amesimama nyuma yake akimshika bega. Sikuita.

Mwenze aliporudi nikamwambia. Akasema ningefungua angekuta majivu. Labda. Tangu siku ile sijaweza kula maharagwe, na watoto wanafikiri nimeyachoka tu.

Ndani ya bahasha hii kuna kitu chako. Nilikumbuka kwamba dirishani wanasoma majina, lakini parokiani wanaandika tu anayeletwa. Padri alifungua kitabu cha ubatizo cha mwaka wa 76 na tulikupata: Stéphanie, binti wa Tshibangu na Agnès, aliyezaliwa Musonoi tarehe 3 mwezi wa sita. Amenakili ukurasa na kugonga muhuri. Sijui kama shirikisho lenu linakubali neno la Padri. Ni hilo tu nililoweza.

Usijibu kama huwezi.

Bilonda


Seraing, 17 Aprili 1994

Yaya Bilonda,

Nakusalimu, na watoto, na Shemeji. Tantine Fidélie ameacha kazi za ngazi, sasa anafanya kazi jikoni, magoti yamepata nafuu.

Nitakuambia kweli kwa sababu wewe umeniambia kweli. Nilikukasirikia. Nilimpa Tantine barua aisome. Siku ya tatu, akiwa anamenya viazi, akasema, "Angefungua, leo tungekuwa tunalilia watu watano." Mimi bado sijafika pale Tantine alipofika. Lakini kila nikikasirika naona mkono wa Papa unaipua sufuria, na hasira inakosa mahali pa kusimama.

Nami nilikudanganya. Ile kushoto karibu na mstari ilikuwa kweli: nilikuwa nje ya mstari, nimeshika chupa za maji. Sikucheza mechi hata moja kwa miezi kumi na saba. Nilikuwa nafanya mazoezi na wenzangu Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi nafua jezi. Mchezaji anayetoka nchi nyingine hapewi leseni mpaka shirikisho la kwao liseme kama linamjua au halimjui. Wakaandika Kinshasa. Kinshasa haikujibu. Yaya, nilikuwa nangojea karatasi ya kusema nchi yangu hainijui! Na Nyuki haikuandikwa popote duniani isipokuwa kwenye daftari la Papa. Wakaandika tena, hawakujibiwa, na siku ambazo kanuni inawapa zikapita. Hapo ikabaki tarehe yangu ya kuzaliwa. Karatasi ya Padri ilifika mwezi wa pili. Tantine na mume wake wakaapa mbele ya hakimu kwamba ni mimi, na leseni ikatoka tarehe 4 Machi.

Sikuwaambia kwa sababu Papa alikuwa anasoma zile barua mara tatu.

Nimeshacheza mechi sita. Sikia ya kwanza. Dakika ya kumi na kitu beki wao akachelewa, nikapita nje yake kama Papa alivyotuonyesha, bega kwanza, nikatoa pasi, muuza nyama wetu akafunga kwa kichwa. Wakanirukia wote. Nilikuwa namtafuta mtu pembeni mwa uwanja. Sijui nilifikiri nani angekuwa pale.

Sasa wiki iliyopita Madame Josiane alinikalisha. Kuna watu wa timu ya taifa waliokuja kutazama. Wananitaka kwenye kambi ya mazoezi, lakini mechi siwezi kucheza bila uraia wa hapa. Mwezi wa sita nafikisha miaka kumi na minane, naweza kuomba. "Fikiria vizuri," akaniambia. "Ukishavaa jezi ile katika mechi rasmi, hakuna kurudi." Nikamwomba muda.

Ningemwuliza Papa. Kama kuna njia yoyote ya kumpata, mwulizie. Kama hakuna, niambie wewe. Wewe ni yaya yangu, na mlango ule hauondoi hilo.

Stéphanie


Kolwezi, 29 Juni 1994

Mudogo wangu Stéphanie,

Salamu. Mkubwa ameota meno mapya, makubwa kuliko mdomo wake. Mwenze amepumzishwa kazi pamoja na wengi. Analima mihogo nyuma ya nyumba na anaipenda kuliko alivyotegemea. Barua yako ilinikuta tarehe 29 Mei.

Sikia. Misheni ina phonie, ile redio ya kuzungumza na misheni nyingine. Padri alikubali kuita Mwene-Ditu kila Jumatano na kutaja majina. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Jumatano ya tatu mtu wa kule akasema, "Tshibangu wa magasini? Ule mwenye kufundisha banamuke mupira? Tunamujua. Mumungojee Jumatano inayokuja."

Wako hai, Stéphanie. Wote wawili.

Jumatano iliyofuata nilikuwa misheni tangu saa mbili asubuhi. Kwenye phonie unabonyeza kitufe unasema, ukimaliza unasema à vous na unaachia, ndipo mwenzako anasikika. Mama ndiye alianza. Sauti ilikuwa kama inatoka ndani ya debe. Akasema wanakaa kwenye chumba kimoja kando ya soko, ana bustani ya nyanya, Papa amekonda lakini anakula. Wamemzika mtoto wa mtu njiani, si wao, mtoto wa jirani wa behewa, na Mama anamtaja mtoto huyo katika sala kila siku. Akauliza soksi zako. Akauliza watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina. Hakuuliza lingine, na mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo kila mara nilisahau kuachia kitufe.

Halafu Padri wa kule akasema Papa amekamata kifaa.

Nilimpa swali lako kwanza, kwa sababu nilikuwa naogopa langu. Nikamweleza leseni, mechi sita, bega kwanza, timu ya taifa, uraia. Nikasema à vous. Redio ikakoroma muda, nikadhani tumempoteza. Ndipo akasema:

"Hapa Mwene-Ditu banatuita batu ya Katanga. Batoto banacheka Kiluba chetu. Huko balisema tuko ya Kasai. Mumwambie Stéphanie asingojee mutu amupe kwabo. Kama bale balimuona akicheza na banamutaka, acheze nabo. Jina lake libakie Tshibangu kwenye mugongo. À vous."

Nikasema nitamwambia. Nikabaki nimeshika kifaa. Padri alinionyesha saa kwa kidole. Nikasema, "Papa, siku ile..." na sikuweza kwenda mbele, nikaachia kitufe bila hata kusema à vous.

Sauti yake ikarudi:

"Bilonda?"

"Ndiyo, Papa."

"Ule mulango wako. Balirudia kuuvunja?"

"Hapana, Papa. Hawakurudia."

"Hata dirisha?"

"Hata dirisha."

"Bon," akasema. "Bon. Basi nilisema vizuri."

Padri akanigusa bega. Muda wetu ulikuwa umekwisha, na nyuma yangu kulikuwa na mama mwingine mwenye kikaratasi cha majina mkononi. Nikampisha.

Nimekuandikia siku ile ile ili nisipoteze hata neno moja. Masudi anaondoka kesho. Andika utakapojua tarehe ya mechi. Tutapeleka Mwene-Ditu kwa phonie, Jumatano.

Ni mimi, Yaya yako, ambaye safari hii ameandika yote,
Bilonda